Taa ya oili imewaka: pima kwanza, ndipo ufungue injini

NILIKUWA narudi nyumbani Niboye kutoka kwa mama huko Ngoma, magunia manne ya maharage nyuma ya gari, na injini imekwisha kutembea zaidi ya kilomita 100 bila kupumzika. Pale Sonatubes foleni ikanisimamisha. Injini ilipotulia kwenye sailensa, taa ya oili ikaanza kupepesa. Nikakanyaga mafuta kidogo, ikazimika. Nikaachia, ikawaka tena. Mpaka naingia uani kwangu jasho lilikuwa linanitoka kana kwamba mimi ndiye niliyebeba yale magunia.

Gari lenyewe ni Land Rover 109 Series III ya mwaka 1978, injini ya petroli ya lita 2.25. Usukani wake uko kulia, na kwa kuwa hapa Rwanda tunapita upande wa kulia wa barabara, kulipita lori mbele yako ni kazi ya watu wawili: dereva na abiria wa kumchungulia. Marehemu baba, ambaye alikuwa dereva wa misheni huko Karagwe, alilinunua kwenye mnada, na mwaka 1996 ndilo lililotuvusha Rusumo, watu tisa na mbuzi wawili. Kwa hiyo msomaji asishangae nikisema kwamba taa ile ilininyima usingizi.

Habari ya gari bovu haifichiki mtaani. Kabla ya chakula cha jioni jirani yangu mmoja, mfanyabiashara ambaye kila wiki yuko njia ya Rusumo, alikuwa amekwisha toa hukumu akiwa amesimama getini. "Mwalimu, hiyo ni swichi tu. Nunua swichi nyingine, tembea." Jumatatu nikalipeleka kwenye gereji moja ya mjini. Fundi akausikiliza mlio wa injini kwa muda usiotosha kumaliza kikombe cha chai, akafuta mikono, akasema: "Injini imekwisha. Tuishushe, tufungue yote." Bei aliyotaja ilizidi mshahara wangu wa miezi minne, spea hazijahesabiwa. Usiku mdogo wangu akanipigia simu. Alikuwa amepata mtu wa Ngara anayelitaka gari kwa bei ya chuma chakavu. "Kaka, kama injini imekufa tukubali upesi kabla hajabadili mawazo."

Watu watatu wametoa hukumu tatu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amepima kitu.

Neno "swichi tu" nalifahamu. Mwaka 2001 baba alikuwa akitoka Rusumo na mzigo wa watu, taa ikawaka baada ya Kirehe. Mwaka uliotangulia swichi ilikuwa imemsumbua kweli, akabadilisha, taa ikazimika. Safari hii abiria mmoja aliyejiita fundi akamkumbusha yale ya mwaka uliopita, na baba akakubali, kwa sababu binadamu hupenda kuamini habari ya gharama ndogo. Walipopita Kibungo injini ikaanza kugonga kama mtu anapiga nyundo chini ya sakafu. Kabla ya kufika Kayonza ikanoki. Krenki ilikwenda Kampala kuchongwa, ng'ombe wawili wakauzwa. Mama hadi leo akiona taa yoyote inawaka kwenye dashibodi huomba ateremke.

Nilipokuwa darasa la sita kule Karagwe mwalimu wa sayansi alitufundisha neno "shinikizo". Mafundi wao wanasema presha, na ni kitu kile kile. Wengi wetu tunadhani pampu ya oili ndiyo inayotengeneza presha. Ukweli ni kwamba pampu inasukuma oili tu. Presha inatokea pale oili hiyo inapobanwa kupita katika nafasi ndogo, nyembamba kama unywele, iliyopo kati ya krenki na beringi zake, hizo ambazo mafundi wa Kigali waliojifunza kwa Kifaransa huziita kusine. Krenki haitakiwi kugusa beringi hata kidogo. Inaelea juu ya oili.

Chukua mpira wa kumwagilia bustani. Ukiubana mdomo wake kwa kidole, maji yanaruka hadi kwa jirani. Ukiutoboa katikati, mdomoni yanadondoka tu, ingawa bomba ni lile lile na maji ni yale yale. Beringi iliyolika ni tundu kwenye mpira. Oili iliyokuwa nyepesi nayo ni kama kuacha kusukuma uji na kusukuma maji: inapenya kila mahali bila kubanwa, na geji inashuka. Ndiyo maana presha ndogo haimaanishi lazima pampu imekufa, wala kwamba krenki imelika. Inamaanisha kuna mahali oili inapita kirahisi mno, au haifiki kwa wingi unaotakiwa.

Na taa? Taa inaongozwa na swichi ndogo iliyofungwa kwenye njia ya oili, nayo hubadilika kwenye presha ndogo sana, paundi chache tu kwa inchi ya mraba. Hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Injini inaweza kutembea barabarani na paundi 12 ikijimaliza polepole, taa imezimika kabisa, dereva anapiga mluzi. Inaweza pia kuwa na paundi 50 na taa ikawaka, kwa sababu swichi imekufa au waya wake umechubuka na kugusa chuma. Taa inajua ndiyo na hapana. Haijui ni kiasi gani.

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya umuganda. Tulipomaliza kusafisha mtaro na barabara kufunguliwa, akaja mzee mmoja anayeishi Kabeza, rafiki wa baba tangu Karagwe, aliyefanya ufundi wa Land Rover kwenye gereji za misheni kabla mimi sijaanza shule. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia huku tayari amekwisha inua boneti.

"Oili ikoje?" akauliza.

Nikajibu kwa majivuno: "Mzee, gari hili halili oili kabisa. Tangu niibadilishe sijaongeza hata kikombe. Tena juzi nimeona imepanda kidogo."

Akaniangalia kama ninavyomwangalia mwanafunzi aliyeandika jibu sahihi bila kujua kwamba ameliandika. "Imepanda? Mwalimu, umeona wapi oili inazaa?"

Akachomoa kijiti cha kupimia oili, hakukitazama, akakinusa. Kisha akanipa mimi. Ilinuka petroli. Akadondosha tone moja kwenye karatasi ya daftari, likaacha doa jeusi katikati na duara pana la majimaji likitambaa kando. Oili ilikuwa juu ya alama ya mwisho kwa karibu nusu kidole, na mimi mwezi mzima nilikuwa nikilitazama jambo hilo kama baraka.

Hapa msomaji mwenye gari la zamani asimame kidogo. Injini ya zaidi ya miaka 40 hula oili, walau kidogo. Ikionekana haipungui, na hasa ikionekana inaongezeka, kuna kitu kinaingia humo. Kikiwa maji, oili inageuka rangi ya chai ya maziwa. Kikiwa petroli, rangi haibadiliki sana, ila harufu na wepesi vinakiri. Kwenye Land Rover hizi pampu ya petroli haina umeme. Imefungwa ubavuni mwa injini na kusukumwa na kamshafti, na ndani yake kuna kiwambo laini ambacho mafundi hukiita diaframu. Kiwambo kikipasuka, petroli haiendi yote kwenye kabureta. Nyingine inadondoka taratibu ndani ya injini na kuchanganyika na oili. Gari linaendelea kuwaka na kutembea, na kwa sababu hiyo dereva hashtuki.

Nilidhani kazi imekwisha. Nikasema basi tubadilishe pampu. Mzee akakataa.

"Harufu ni shahidi, Mwalimu. Hakimu ni geji."

Geji ya kawaida ya presha ya oili, ile ya mshale, nilikuwa nimeinunua iliyokwisha tumika kwa bei ndogo. Uzi wake haukulingana na tundu la swichi, ikabidi mkereza vyuma anitengenezee kiungio cha shaba. Unafungua swichi, unafunga geji mahali pake, unawasha injini na kuangalia kama panavuja. Kazi ya nusu saa. Fundi wa mjini angeweza kuifanya kabla ya kunitajia miezi minne ya mshahara.

Injini ikiwa baridi mshale ulisimama kwenye paundi 50. Ningekuwa mtu wa kuridhika ningekwenda kulala. Tukaendesha kwenda Kicukiro Centre, tukarudi, tukaenda tena, hadi injini ikapata moto sawasawa. Sasa kwa mwendo wa kilomita 50 hivi kwa saa katika gia ya nne mshale ulikuwa kwenye 22. Kwenye sailensa ulishuka hadi 6 na taa ikapepesa. Kitabu cha matengenezo cha injini hii kinataka paundi 35 hadi 65, injini ikiwa ya moto, katika mwendo kama huo. Swichi haikuwa na kosa lolote. Kwa maneno mengine jirani yangu angenipeleka njia ile ile ya mwaka 2001.

Mzee akaketi kwenye bampa akanisomea mshale ule. Presha ikiwa nzuri asubuhi halafu ikaanguka sana injini ikipata moto, shuku oili iliyokuwa nyepesi au beringi zilizolika, au vyote viwili. Ikiwa ndogo tangu baridi, tafuta kwenye pampu yenyewe, kwenye valvu yake ya kupunguza presha ambayo huenda imenasa uchafu ikabaki wazi, au kwenye chujio lililo ndani ya sampu. Mshale ukichezacheza unapopanda mlima au kukata kona, oili ni kidogo na pampu inafyonza hewa. Ukipanda kwa resi hadi mahali fulani ukakataa kuzidi hapo, usihangaike, hiyo ni valvu inafanya kazi yake. Hayo yote aliyasema kwa dakika chache, nami nimeyaandika nyuma ya daftari la maksi za wanafunzi, sehemu ambayo mkaguzi hafiki.

Kwenye injini hii pampu ya oili pamoja na valvu yake viko ndani ya sampu, kwa hiyo kuvifikia ni lazima uteremshe sampu. Lakini kuteremsha sampu si kushusha injini. Ni boliti tu, na gari lenyewe liko juu kiasi kwamba mtu mzima anaingia chini bila jeki. Mtu akikwambia ni kazi moja, ujue anakuuzia kazi kubwa.

Tukaanza na kilicho rahisi. Vifaa vya kufufulia pampu ya petroli vilitoka Kampala kwa basi, bei yake haikufikia gunia moja la yale maharage. Tukamwaga oili yote, iliyotoka kama maji ya kunde. Tukabadilisha filta, na hapo Mzee akanionyesha kosa linaloua injini za watu wasio na hatia: mpira wa zamani wa filta hubaki umeganda juu, fundi mwenye haraka akaweka mpya juu yake, na siku ya safari oili yote inaruka nje. Tukaukwangua. Tukajaza oili mpya ya 20W-50, ambayo ndiyo inayozifaa injini hizi katika nchi za joto.

Tukapima tena kwa njia ile ile ya Kicukiro Centre. Baridi 60. Moto, katika mwendo ule ule, 37. Sailensa 14, na taa haikuwaka.

Nilifurahi, lakini 37 ni ya kuvukia mtihani tu, haina heshima. Injini ilikuwa imetembea muda ambao hakuna ajuaye na oili iliyochanganyika petroli, na oili ya namna hiyo hailindi beringi. Jumamosi iliyofuata Mzee akateremsha sampu, akafungua beringi za konrodi moja baada ya nyingine, mimi nikimshikia taa. Mbili zilikuwa safi. Mbili zilikuwa zimeanza kuonyesha rangi ya shaba kwenye kingo. Krenki akaipima kwa maikromita, ikawa bado mviringo. Kwa kuwa ilikwisha chongwa mara moja Kampala, tuliagiza beringi za saizi hiyo ya kuchongwa. Mtu anayenunua za saizi ya kiwandani kwa krenki iliyochongwa anajinunulia presha ndogo kwa fedha taslimu. Tukazifunga pale pale uani, injini ikiwa mahali pake.

Za krenki yenyewe, zile kuu, hatukuzigusa. Injini ya mwaka 1978 ina tatu tu. Kule Solihull, Uingereza, walikotengeneza magari haya, walikuja kuziongeza kuwa tano mwaka 1980. Mzee alifungua kifuniko kimoja, akatazama, akakirudisha. "Hizi zitakuzika wewe," akasema, na sikujua kama ni sifa au laana. Kipimo cha mwisho kilikuwa 43 injini ikiwa ya moto. Gharama yote, pamoja na geji na mkereza vyuma, haikufika mshahara wa mwezi mmoja.

Nimesimulia hayo kwa sababu wengi wa wasomaji wa ukurasa huu hununua au huendesha magari ya umri huo, Land Rover, Peugeot 504, Toyota Stout, na biashara yake hufanyika barabarani, mara nyingi mpakani, watu wakiwa na haraka ya kuvuka. Unaponunua, usiridhike kusikia injini inawaka. Geuza ufunguo kwanza bila kuwasha injini: taa ya oili lazima iwake. Isipowaka, kuna mtu amechomoa waya au balbu, na hakuichomoa kwa bahati mbaya. Kisha shika boneti kama ni baridi. Kisha chomoa kijiti, unuse. Oili ikivutika kama asali ujue imewekwa nzito ya kufichia, pengine hata ya giaboksi, ili presha ionekane nzuri kwa siku hiyo moja ya mauzo. Oili nzito haiponyi beringi. Tena asubuhi inachelewa kufika kwenye krenki na kule juu kwenye roka, na injini inajikwangua ikisubiri. Endesha nusu saa, gari lipate moto, ndipo usimame kwenye sailensa na kutazama taa. Muuzaji anayekataa nusu saa ameshakujibu.

Na ikiwaka ukiwa njiani? Kupepesa kwenye sailensa baada ya safari ndefu na kuzimika ukigusa mafuta ni onyo la kwenda kupima. Kuwaka na kubaki imewaka injini ikiwa katika mwendo ni amri ya kuzima hapo hapo, hata kama ni katikati ya mteremko wa Kirehe na abiria wanalalamika. Tazama kijiti. Kama oili ipo na taa inaendelea kuwaka, usijaribu kufika kituo kinachofuata. Kamba ya kuvutwa haigharimu ng'ombe wawili.

Mnunuzi wa Ngara alikuja Niboye wiki mbili baadaye, mtu mwenye adabu, na nilipomtazama nikaona anajua magari kuliko alivyomwambia mdogo wangu. Hakuuliza habari ya bodi wala tairi. Aligeuza ufunguo, akasubiri taa iwake, akawasha, akaona geji niliyoiacha imefungwa chini ya dashibodi. Akaomba kuendesha. Tulikwenda hadi Kicukiro Centre na kurudi, naye muda wote jicho moja liko kwenye mshale. Tuliposimama akaitaja bei mpya, zaidi ya mara mbili ya ile ya chuma chakavu. Mdogo wangu akanikanyaga mguu.

Nikasema ngoja nimpigie mama. Mama hakuuliza bei. Aliuliza kama taa bado inawaka. Nikamwambia haiwaki. Akasema basi Jumapili nije nimchukue, ana msiba Rusumo, na niwahi kabla ya jua kali.